Kikundi cha kina mama cha kila Jumatano: uzoefu wangu wa miezi mitatu

Mara ya kwanza kwenda kwenye kikundi hiki cha kusaidia kina mama wenye vichanga, mwanangu alikuwa na siku 19. Usiku wake nilikuwa nimelala saa 3 kwa jumla, chuchu ya kushoto imepasuka, mshono wa upasuaji unanivuta kila nikiinuka, na kadi ya kliniki inaonyesha mtoto hajarudia uzito aliozaliwa nao. Nyumbani tulikuwa wawili tu na mume wangu, naye wiki hiyo alisharudi kazini. Mama yangu anaishi mbali. Kabla ya siku hiyo kila niliyemuuliza alinijibu jambo moja, kwamba vikundi hivi ni vya kwenda kupiga soga na wenzako. Soga nisingezifungia safari na mshono mbichi. Laiti mtu angeniambia kuna mshauri atakayekaa mbele yangu amtazame mtoto akinyonya mwanzo hadi mwisho, ningekwenda siku ya 5.

Kikundi chenyewe ni cha kawaida kabisa. Wanakutana kila Jumatano, saa 4 hadi saa 6 asubuhi, katika chumba cha ghorofa ya pili cha ukumbi wa jamii. Wanaokiendesha ni mkunga mstaafu na kina mama wawili waliosomea ushauri wa unyonyeshaji baada ya kuhangaika na watoto wao wenyewe. Hakuna kiingilio. Huulizwi kama umeolewa, wala kama unanyonyesha au unatumia chupa. Kuna magodoro sakafuni, viti virefu vya kuegemea kwa waliopasuliwa, na mizani ya kupimia vichanga.

Nilipoketi, mshauri hakuanza na mtoto. Aliniuliza, "Mama, leo umeshakula? Umepata hata nafasi ya kuoga?" Nikashindwa kujibu, machozi yakanitoka. Akanisogezea kikombe cha maji, akangoja nimalize kulia, ndipo akasema, "Sasa mpe titi kama unavyompa nyumbani. Mimi natazama tu."

Alitazama kimya kwa muda. Kisha akanionyesha kwamba mwili wa mtoto ulikuwa umeelekea juu huku shingo imegeukia kwangu. "Hebu geuza shingo hivyo wewe, unywe maji yako." Nikajaribu. Maji hayapiti vizuri. Tukaanza upya. Kwa sababu ya mshono alinifundisha kumshika mtoto ubavuni, chini ya kwapa, miguu yake ikielekea mgongoni kwangu, ili asiguse kabisa tumbo. Sikio, bega na nyonga vikae mstari mmoja. Pua ielekee chuchu. Nisimwinamie, nimngoje apanue mdomo kama anayepiga mwayo, ndipo nimlete kwangu bila kusitasita. Mara ya tatu akashika: kidevu kimezama kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, weusi wa titi unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Maumivu yakanichoma sekunde chache, yakakatika. Halafu nikasikia sauti ambayo siku zote 19 sikuwahi kuisikia vizuri, mtoto akimeza.

Kwa hilo moja tu ningewapa alama zote.

Ila kilichonifanya niwaamini ni kilichofuata. Mkunga alimpima mtoto, akaniuliza nepi ngapi zinalowa kwa saa 24. Sikuwa nahesabu. Akanieleza kwamba kuanzia siku ya 5 hivi, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi 6 au zaidi kwa siku. Kupungua uzito siku za mwanzo ni kawaida, hadi asilimia 10 hivi, lakini wengi huwa wameurudia kufikia wiki ya pili. Wangu alikuwa amechelewa. Kwa hiyo hakuniambia "usijali, utakaa sawa." Aliniandikia kwenye karatasi nirudi kliniki kesho yake, akaandika na alichokiona wakati mtoto ananyonya, ili nisianze kujieleza upya na akili ile ya usingizi. Kliniki walimkagua, wakaafiki tuendelee hivyo kwa uangalizi, na Jumatano iliyofuata alikuwa ameongeza gramu 210. Chumba kizima kilipiga makofi. Namaanisha chumba kizima, hata wale nisiowajua majina.

Baadaye nimefikiri sana kwa nini nililiona pengo hili la msaada kwa ghafla namna ile. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unapendekeza mama na mtoto waangaliwe ndani ya saa 24 za kwanza, kisha angalau mara tatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya 6. Hata pale ambapo ratiba hiyo inafuatwa sawasawa, tazama kati ya siku ya 14 na wiki ya 6. Ni karibu mwezi mzima ambao hakuna mtu anayekusubiri popote. Wageni wa mwanzo wamekwisha, mwenzio karudi kazini, na mtoto ndio kwanza anaanza kulia jioni hadi usiku. Kikundi cha jirani kinakaa hapohapo kwenye mwezi huo. Wazo la mama kumshika mkono mama mwenzie lina historia ndefu. Huko Illinois, Marekani, mwaka 1956 kina mama saba walianzisha La Leche League, chama cha kina mama kusaidiana katika kunyonyesha, kwa mikutano ya namna hiihii, na hadi leo ipo katika nchi nyingi.

Wiki ya 4 nilipata somo lingine, safari hii kwa uchungu. Nina kundi la simu la kina mama wa jiji, watu zaidi ya 200. Sitalisema vibaya lote, maana saa 9 usiku unapokuwa macho na mtoto begani, kumwona mwenzio ameandika "na mimi niko macho" ni faraja ya kweli. Lakini usiku mmoja titi la kulia lilikuwa na uvimbe mgumu, nikauliza. Majibu yakamiminika: kanda kwa maji ya moto, chana kwa kitana, kamua mpaka liishe kabisa. Nilikanda kwa nguvu nusu saa nzima. Asubuhi titi lilikuwa jekundu na homa imefika nyuzi 38.6. Bahati ilikuwa Jumatano. Mshauri alipoona tu alisema niache kukanda, kwamba ndani nyama zimevimba na kuzibinya kunazidisha uvimbe. Kitambaa cha baridi, niendelee kumnyonyesha mtoto kama kawaida bila kukamua ya ziada, nimeze dawa ya maumivu, na kwa kuwa nilikuwa na homa na baridi, nipite kwa daktari siku hiyohiyo. Nilipewa dawa za kuua bakteria, siku ya tatu nikawa mzima. Katika kundi lilelile la simu nimewahi kumwona mtu akishauri mtoto wa mwezi mmoja apewe maji kwa ajili ya kwikwi, na watu 30 wakaunga mkono. Mtoto wa chini ya miezi 6 hahitaji maji hata kukiwa na joto kali. Yanamjaza tumbo asinyonye, na yakizidi yanaweza kushusha chumvi ya damu yake hadi akazidiwa. Kundi la simu litumie kwa kampani. Mambo ya mwili peleka kwa anayekuona kwa macho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nilisitasita kuliandika. Kwenye wiki ya 6 mkunga hutoa karatasi yenye maswali 10, hukupa peke yako, pembeni, si mbele ya mumeo wala mbele ya wenzako. Ni kipimo cha Edinburgh, kimetumika tangu mwaka 1987 kutambua dalili za sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha, baada ya kujifungua. Kinauliza ulivyojisikia siku 7 zilizopita. Swali la kwanza linahusu kama bado unaweza kucheka. Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko yote, nikijaribu kukumbuka ni lini nilicheka. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kujidhuru. Alama zangu zilifika 14 kati ya 30.

Mkunga hakushtuka. Alikaa karibu nami akaeleza kwamba kulialia siku za mwanzo, hasa siku ya 3 hadi ya 5, huwapata kina mama wengi na huisha ndani ya wiki mbili hivi. Kama bado umezama wiki ya 6, hulali hata mtoto akilala, huoni raha ya chochote, hiyo ni hali inayotibika na inahitaji mtu. Akasema alama hizo si ugonjwa wenyewe, ni kengele ya kumwambia mtaalamu aangalie. Duniani, mama mmoja kati ya kila wanane hivi hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, zaidi likiwa sonona. Nilikuwa naamini ni mimi tu, na kwamba maana yake simpendi mwanangu. Siku hiyohiyo, kabla sijaondoka, alipiga simu kliniki mbele yangu, nikapangiwa kuonana na mshauri wa afya ya akili baada ya siku mbili. Angeniachia namba nipige mwenyewe, nisingepiga. Nalijua hilo kwa hakika.

Niliwahi pia kuhudhuria mkutano wa pili, mahali pengine, kwenye ukumbi mzuri wenye kiyoyozi na maputo. Kwa macho ulishinda wa kwetu mbali. Nusu saa haijaisha mwanamke mwenye sare akaanza kupita kwa kila mama akiuliza kama maziwa yanatosha, na mwisho tukapewa mikoba yenye kopo la maziwa ya unga ndani. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa maziwa mbadala inasema wazi kwamba kampuni zisiwape kina mama sampuli za bure wala wauzaji wao wasiwatafute kina mama. Kila nchi huamua itaitekeleza vipi, lakini mimi nilijisikia nimeviziwa katika wiki niliyokuwa dhaifu kuliko zote. Sina neno na maziwa ya kopo. Katika kikundi chetu kuna kina mama watatu wanaoyatumia, na mshauri aliwafundisha kupima maji kwanza ndipo waweke unga, wasiongeze wala kupunguza kijiko, bila kuwatazama kwa jicho la kando. Ninachosema ni kwamba ukifika mahali, uliza nani analipia chumba.

Kasoro za Jumatano zipo, na nimeshawaambia wenyewe. Ghorofa ya pili bila lifti ni adhabu kwa aliyepasuliwa. Mara ya kwanza nilipumzika mara tatu kwenye ngazi, mtoto mkononi, begi begani. Wangeweka hata mtu mmoja chini wa kupokea mizigo. Saa 4 inaanza saa 4 na nusu. Kina baba hawajakatazwa, ila hakuna anayewaalika, na mume wangu alijifunza kumcheulisha mtoto na kusoma dalili za njaa kwa kunisikiliza mimi nikisimulia nusunusu. Na hakuna anayekufuatilia ukikosa kuja. Nilikosa wiki mbili mfululizo, zile mbaya kuliko zote, na hakuna simu iliyolia.

Ukiweza, nenda ukiwa bado mjamzito. Mama mmoja alikuja na tumbo la miezi 8, akakaa akitazama wenzake wakinyonyesha, akaondoka anajua ngazi, anajua sura, anajua mtu wa kumpigia. Alipojifungua alikuja siku ya 8. Mimi nililazimika kuyajua yote hayo siku niliyokuwa siwezi hata kufunga viatu.

Kubwa linalobaki ni siku yenyewe. Likizo ya uzazi ikiisha, Jumatano asubuhi inakufa. Nilirudi kazini mtoto akiwa na wiki 13, wakati ambao nilihitaji tena mtu wa kunielekeza kukamua na kuhifadhi maziwa: muda wa saa 4 kwenye joto la chumba, hadi siku 4 kwenye friji, tarehe iandikwe kwenye kila chombo. Nilipewa maelezo hayo kwa haraka mlangoni. Tuliokuwa tunarudi kazini tuliomba tukutane Jumamosi mara moja kwa mwezi, na mshauri mmoja akakubali kuja. Jumamosi ya kwanza tulikuwa wanne na baba mmoja. Mlinzi wa ukumbi alitufungulia chumba cha chini, kile cha pembeni ya mlango.