Uzoefu wangu na udongo wa akwariamu ya mimea (Aqua Soil Amazonia) kwa maji yetu ya Dar

Wakuu, hii Aqua Soil Amazonia ya ADA, kampuni ya Kijapani aliyoianzisha marehemu Takashi Amano, nimekaa nayo muda wa kutosha kwenye tenki langu la mimea (lile la kioo la kufugia samaki na mimea ya majini) hapa Dar, na wengi wananiuliza kama ile bei inalipa. Kwangu imelipa, tena sana. Ushauri wangu kwa anayeanza tenki la mimea ya mizizi ni kwamba hela ya kwanza iende kwenye udongo, kabla ya taa kali, kabla ya mawe na magogo, kabla hata ya samaki. Taa unabadilisha jioni moja na filta hivyohivyo, ila udongo ukishamwaga ndo umeshamwaga, kuutoa maana yake ung'oe mimea yote, samaki wakae kwenye ndoo, tope sebuleni, halafu uanze moja.

Wenyewe ni punje ndogo nyeusi za udongo uliokaushwa kwa moto, ukiziminya kwa vidole zinasagika. Zina chakula ndani yake kinachotoka taratibu, na pia zina tabia ya kushika mbolea iliyomo kwenye maji na kuitunzia mizizi, kitu ambacho kokoto za kawaida haziwezi, kokoto zinashikilia mmea usielee basi. Halafu zinashusha pH (kipimo cha asidi, ikiwa chini maji yana asidi zaidi) na ugumu wa maji (wingi wa chokaa na madini yaliyoyeyuka), mimea mingi ya tenki inapenda hivyo.

Kabla hujanunua piga hesabu: urefu mara upana mara kina cha udongo unaoutaka, vyote kwa sentimita, gawa kwa 1000 unapata lita. Tenki la 60 kwa 30 mfuko mmoja wa lita 9 unakupa sentimita 5 sawasawa kotekote. Mi naona hiyo ndo ya chini kabisa, huku nyuma ipande hata 8 ili mimea mirefu ipate pa kuzama na ukitazama kwa mbele tenki lionekane lina kina. Ukitaka kunyanyua nyuma zaidi ya hapo jaza mawe mepesi kwa chini usimalizie udongo wa bei kali pale ambapo mizizi haifiki.

Sasa kuuandaa. Udongo huu HAUOSHWI. Nasema hivyo kwa sababu sisi tumezoea mchanga, unaosha kwenye ndoo unakoroga kwa mkono unamwaga maji machafu unarudia mpaka maji yatoke meupe, na kwa mchanga ndo sahihi, ila hizi punje ukizikoroga hivyo zinageuka uji na chakula chote umemwaga na maji. Mimina mkavu kutoka kwenye mfuko, sawazisha kwa kadi au rula, nyunyizia maji mpaka ulowane, panda mimea ukiwa bado na maji kidogo tu, maana kupanda kwenye tenki lililojaa ni mateso, kila unachochomeka kinaibuka. Ukija kujaza weka sahani au nailoni juu ya udongo umimine maji hapo polepole kwa mpira mwembamba. Ukifanya haraka utapata chai ya rangi ndani ya tenki, ingawa nayo filta inaimaliza.

Jambo kubwa ambalo wauzaji wengi hawalisemi ni amonia. Udongo huu ukiwa mpya unatoa amonia wiki za mwanzo, ndivyo ulivyo, na ni chakula cha bakteria wa filta, kwahiyo kwenye kulianzisha tenki inakusaidia, ila kwa samaki ni sumu. Na joto letu la Dar linazidisha, maji yakiwa ya moto na pH ikiwa juu sumu ya amonia inakua kali zaidi. Mimi nilibadilisha maji karibu kila siku wiki ya kwanza, baadae siku kadhaa kwa wiki, napima, na samaki sikuweka mpaka amonia na naitraiti (nitrite, sumu nyingine ambayo bakteria wanaitengeneza kutoka kwenye amonia) zote zikasoma sifuri. Vipimo vya maji nunua pamoja na udongo, safari moja. Na ukiona majani ya kriptokorini yanaoza na kuyeyuka baada ya kupanda usiing'oe jamani, huo mmea ndo tabia yake ukihamishwa, kata majani yaliyooza uuache, mizizi iko hai. Kwangu niliona kwanza mizizi myeupe ikitambaa kwenye kioo upande wa chini, majani mapya yakafuata, na hayo mpaka leo hayajarudi nyuma.

Upande wa maji hapa kwetu sikilizeni vizuri. Maji ya bomba yana klorini, yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha au tumia dawa ya kuiondoa. Ila visima vingi vya Dar maji yake yana chumvi na ni magumu, na ukiyatumia kwenye huu udongo unakua unauchosha, ile nguvu ya kushusha pH inaisha mapema mno na hela yako inaondoka nayo. Mi nachanganya na maji ya mvua ninayokinga, yale ya mwanzo yanayoosha bati nayaacha yapite.

Kama bajeti hairuhusu, mchanga wa mto ulioshwa vizuri pamoja na vidonge vya mbolea vya kuchomeka kwenye mizizi unakuza mimea ya mizizi kama swodi na valisneria vizuri tu, nimeona kwa macho yangu. Mchanga wa ufukweni achana nao hata kama ni bure na ni mweupe unapendeza, umejaa vipande vya makombe na matumbawe. Chukua kidogo, dondoshea siki, ukiona unatoa povu ujue kuna chokaa, na chokaa itapandisha pH na ugumu kila siku bila kuacha. Na mchanga laini sana usiumwage mnene, chini kunakosa hewa, ukiugusa unatoa mapovu yenye harufu ya yai viza.

Kuna watu ambao sitawauzia wazo hili. Kama mimea yako ni anubiasi na feni ya Java tu usinunue, hizo zinafungwa kwenye gogo au jiwe, ukizika lile shina lake la kutambaa linaoza. Na wanaofuga samaki wa Ziwa Tanganyika au Malawi, wale wanataka maji magumu ya pH ya juu, udongo huu unafanya kinyume kabisa, wao mchanga wenye chokaa ndo mali.

Kuhusu kudumu, chakula cha ndani kinapungua miaka inavyokwenda na punje zinaanza kulainika, haimaanishi utupe. Unaendelea na vidonge kwenye mizizi, na uchafu wa juu unafyonza kwa mpira ukiupitisha juujuu tu, usichimbe.