Nakala za cheti cha kifo: ziagize kwa msajili mwenyewe

Tangu mama afariki nimeshughulika na ofisi nyingi, na ofisi ya usajili wa vifo ndiyo pekee niliyotoka nikiwa nimesaidiwa kweli. Naandika hasa kwa ajili ya yule karani wa dirishani na kazi yake.

Fomu ya kuomba nakala za cheti cha kifo nilikuwa nimeijaza mtandaoni. Kabla hajaipokea akaniambia, "Pole na msiba, dada. Hebu nitajie nakala hizi zinakwenda wapi." Nikamtajia: benki, bima, mfuko wa pensheni, mahakama kwa ajili ya mirathi, na hati ya nyumba. Kwa kila moja akauliza swali lile lile: wanabaki nayo, au wanaitazama na kukurudishia? Mahakama iliiweka yangu kwenye jalada moja kwa moja. Bima nao walibaki na yao. Benki waliikagua halisi, wakatoa kopi, wakanirudishia. Mwenye nakala moja tu hulazimika kumaliza ofisi hii ndipo aende ile, na huku wategemezi wa marehemu wanasubiri. Mimi nilipeleka madai yote kwa pamoja.

Kisha akanigeuzia kioo cha kompyuta nisome kila kitu kabla hajachapa: majina, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kifo, mahali, namba ya kitambulisho. Nawasihi msome herufi kwa herufi, hata kama macho yamejaa machozi. Jina likipishana na la kwenye akaunti, dai linasimama, na kurekebisha daftari lililokwisha kutiwa saini ni ombi jingine kabisa lenye ushahidi wake. Mama alikuwa na jina moja benki na jingine kwenye hati ya nyumba, maana nyumba aliinunua kabla ya kuolewa. Karani hakuongeza jina kiholela kwenye cheti. Alinieleza kwamba hapo inahitajika hati ya kiapo ya kuthibitisha kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja, na ndivyo ilivyokuwa.

Nakala zenyewe ni nzuri. Karatasi ni nzito, ukiielekeza kwenye mwanga unaona alama ya ndani, muhuri umetokeza hadi kidole kinausikia, na namba ya usajili iko wazi. Ukiitoa kopi, maandishi yaliyofichwa yanajitokeza kuonyesha kwamba hiyo si halisi. Wapo waliotushauri tupige kopi na kumpa wakili agonge mhuri. Wakili hapo anathibitisha tu kwamba kopi inafanana na karatasi aliyoonyeshwa, wakati msajili anathibitisha kilichoandikwa katika daftari lake. Baadhi ya ofisi hupokea ile ya wakili. Nyingine huikataa palepale, kwa hiyo uliza kwanza.

Lililonigusa zaidi ni hili. Ofisi hii hutoa nakala za aina mbili, yenye sababu ya kifo na isiyo nayo. Ugonjwa wa mama ulikuwa siri yake, aliubeba kimya miaka mingi. Benki haina haja ya kuujua. Bima waliuhitaji, basi wao tu ndio tuliowapa nakala kamili. Nashukuru sana kwamba heshima yake ililindwa hata kwenye makaratasi.

Na hapa ndipo ninapolaumu, kwa sababu fomu ya mtandaoni haisemi lolote kuhusu aina hizo mbili. Bila karani yule, ugonjwa wa mama ungesomwa na kila mtu wa kaunta. Fomu pia inakuomba uthibitisho wa undugu mwishoni kabisa, ukiwa umeshajaza kila kitu. Iuombe mwanzoni, mtu aandae cheti chake cha kuzaliwa mapema.

Jihadharini na tovuti za madalali, ambazo ukitafuta ndizo hujitokeza juu kabisa. Kaka yangu aliangukia moja: wakachukua ada yao na picha ya kitambulisho chake, kisha wakajaza fomu ile ile ya msajili ambayo angeijaza mwenyewe.

Kama marehemu ana mali nchi nyingine, ulizia apostili. Ni uthibitisho kwamba saini na muhuri wa hati ni vya kweli, ili hati ikubalike nchi nyingine; uliwekwa na Mkataba wa Hague wa 1961, na unafaa pale nchi zote mbili zinapokuwa wanachama. Hubandikwa kwenye nakala halisi, hivyo tenga moja kwa kazi hiyo peke yake, na uulize kama watataka na tafsiri.

Risiti na namba ya usajili zitunzeni. Ofisi nyingine ilipokuja baadaye kudai nakala iliyotolewa karibuni, nilitaja namba hiyo tu kwa msajili, wakaipata rekodi papo hapo, wala sikuanza upya.