Miezi mitano na kisanduku cha kifuani: kinachoona na kisichoona

Kovu lililo juu ya jicho langu la kushoto nililipata karibu na soko la Mgandini, kwenye lori la machungwa ya Muheza. Fimbo yangu ilipita chini ya bodi ya lori bila kugusa kitu, ikaniambia njia nyeupe. Nikapiga hatua, uso ukakutana na chuma. Nina miaka 19 natembea bila macho hapa Tanga na ajali zangu nyingi ni za namna hiyo: vitu vinavyoanzia kiunoni kwenda juu. Madirisha ya vibanda yanayofunguka kwa nje, mabati ya vibarazani, matawi ya miembe ambayo hayana adabu.

Mpwa wangu ni fundi simu huko Ngamiani. Baada ya lile lori akasema, "Mjomba, nipe wiki mbili." Zikawa miezi miwili, lakini kikaja kifaa cha kunionya kuna kitu mbele, na huu ni mwezi wa tano nakivaa.

Ni kisanduku cha plastiki, zamani kilikuwa cha kuwekea sabuni, kinaning'inia kifuani kwa mkanda. Ukipapasa mbele unakuta macho mawili ya mviringo yametokeza kama ya chura. Hiyo ndiyo sensa, yaani kipima umbali kwa sauti, aina ya HC-SR04. Jicho moja linatoa sauti ya mitetemo 40,000 kwa sekunde, na kwa kuwa sikio la mtu linakomea kama 20,000, hakuna anayeisikia. Jicho la pili linangoja mwangwi. Bodi ya Arduino Nano, kikompyuta cha ukubwa wa kidole gumba, inahesabu muda uliopita. Kitu kikiwa mita 1 mbele yangu, sauti inakwenda na kurudi kwa milisekunde 6 hivi. Mpwa wangu alijisifu kwamba kwa joto la huku ameweka mwendo wa sauti mita 349 kwa sekunde, si ule wa nchi za baridi. Sijui kama ubavu wangu unajua tofauti hiyo, ila nilimpa hongera.

Cha kwanza alichokitengeneza kilikuwa kinalia. Nilimrudishia siku ile ile. Tanga ni mji wa baiskeli, nazo haziungurumi. Nazijua kwa mnyororo na kengele. Ukiniwekea kitu kinachopiga kelele chini ya kidevu umenipofusha mara ya pili. Ndipo akatoa mota ya mtetemo kwenye simu mbovu, akaibandika nyuma ya kisanduku. Sasa kitu kikiwa mbali kinanigusa taratibu, kikikaribia kinatetemeka mfululizo. Mwanzoni mota ilikuwa inafanya kifaa kizime na kuwaka chenyewe, kwa sababu aliiunganisha moja kwa moja kwenye pini ya bodi, na pini ile haibebi mzigo huo. Akaweka transista na dayodi, vipande vidogo vya kuipunguzia pini mzigo na kuikinga, ikatulia.

Halafu kulikuwa na taa. Aliweka taa nyekundu ya kuonyesha kwamba chaji inakaribia kuisha. Nikamuuliza, "Mwanangu, hii taa ni ya nani?" Akacheka mpaka akakaa chini. Siku hizi nikiwasha, kinatetemeka mara 3 kama betri imejaa, mara 1 kama inabidi nikakichaji.

Kilichonichukua muda mrefu ni umbali. Sensa yenyewe inafika mita 4, mpwa akaiweka mita 2, nikaenda nayo sokoni. Ilitetemeka toka naingia hadi natoka! Kila mtu ni kizuizi, kila tenga ni kizuizi. Tukashusha hadi mita 1 na robo. Kwa mwendo wangu wa kupapasa inatosha kusimama, na sokoni kinanyamaza angalau nusu ya muda.

Sasa maovu yake. Mtaro hakioni kabisa, maana shimo halina mwangwi wa kurudisha kifuani. Tulijaribu sensa ya pili inayotazama chini, ikawa kila nikiinama kidogo inapiga hodi, tukaing'oa. Kwa hiyo fimbo iko palepale mkononi, na atakayekuuzia kitu hiki akikwambia uache fimbo, mkimbie. Baiskeli nayo inakuja upesi mno. Mtetemo ukifika, mwenye baiskeli ameshakutukana. Tena kinatazama mbele kwa upana mdogo, kama nyuzi 15, kwa hiyo mabega bado yanagonga nguzo. Bati lililolala upande hulipuuza pia, kwa kuwa sauti inadunda kwenda kwingine. Na nguo laini humeza sauti: wiki iliyopita niliingia mzimamzima kwenye khanga mbichi za jirani zilizoanikwa uchochoroni. Akapiga kelele, "Shikamoo mjomba, leo mashine imelala?"

Mvua ni adui. Macho ya chura yako wazi, maji yakiingia basi. Ipo sensa isiyoingiza maji, jamaa ya zile za kwenye bampa za magari, lakini hiyo haioni kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hivi, na mpwa bado anatafuta nafasi ya kuijaribu. Hadi hapo, siku ya mvua kisanduku kinabaki msumarini.

Vifaa vilinigharimu Sh 46,000, pamoja na sensa moja iliyofika imekufa. Muuzaji tuliyemwagizia mtandaoni hakupokea simu tena. Betri ni ya laptopu ya zamani, nachaji baada ya siku 3. Kazi ya mikono sikulipa, nilitoa kuku. Mwenye kutaka cha kwake atafute fundi anayekubali kurudishiwa kazi mara nne, na jaribio la kwanza alifanye yeye mwenyewe, amefumba macho, nyuma ya lori lililosimama.