Katapila langu la zamani: kulia linakata, kushoto halitaki

Nianze na muuzaji, maana nikianza na mashine hasira itapoa, na leo sitaki ipoe. Nilimpigia simu kumwambia katapila aliloniuzia Tanga mjini halikati kona kushoto. Liva ya kushoto, ule mkono wa kukatia kona, imevutwa mpaka mwisho, mashine inaenda mbele vilevile. Opereta wangu akikanyaga breki ya upande huo, injini inazima. Akanisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema: "Mama, haya ni mambo ya mitambo. Mpe simu mzee wa nyumbani nizungumze naye." Nikamwambia aliyehesabu hela mezani kwako ni mimi, zungumza na mimi. Akakata simu.

Hela ile ilikuwa ya machungwa. Mtu wa Muheza anajua machungwa yanavyouzwa, mnunuzi anavyokuja na lori lake na bei yake, na ni miaka mingapi ya kujinyima mpaka upate kitita cha namna ile. Halafu mtu anakuambia umpe simu mwanaume.

Shamba ninalolisafisha ni ekari 20 na kitu, zamani lilikuwa mkonge. Limeachwa muda mrefu, limeota migunga, mikwaju na upupu, na katikati yake mikonge iliyokwisha kutoa milingoti ikafa ikabaki visiki. Vijana wa panga wanafyeka vizuri sana, siwalaumu, ila kisiki cha mkonge kwa jembe ni mateso. Buldoza la kukodi linalipiwa kwa saa, unalipa na lobedi, lori la kubebea mitambo, la kulileta na kulirudisha kwa sababu cheni haziruhusiwi kukanyaga lami, na wenyewe kwa shamba dogo hawana haraka ya kuja. Ndiyo nikaamua kununua la kwangu: Caterpillar D4 ya zamani, zile zenye injini ndogo ya petroli ya kuwashia ile kubwa ya dizeli.

Na hapo lazima niseme kweli, injini ile ndogo niliipenda tangu siku ya kwanza. Ina silinda mbili tu. Inawashwa kwa mkono, inaachwa ingurume kidogo, na maji yake ndiyo hayo hayo yanayozunguka kwenye injini kubwa, kwa hiyo kubwa linapata joto kabla halijaguswa. Ukiingiza gia yake, dizeli inazungushwa polepole mpaka oili imepanda, ndipo unafungulia mafuta. Hakuna betri ya kufa wala kompyuta ya kugoma. Waliobuni kitu kile walimfikiria mtu aliye porini peke yake.

Sasa sikilizeni alivyonionyesha. Katapila lilikuwa limepakwa rangi mpya ya njano, mpaka kwenye nati. Opereta wake akaliwasha, akapandisha bleidi, lile koleo la mbele, akashusha, akaenda mbele, akazunguka kulia. Akarudi nyuma, akaenda tena, akazunguka tena kulia. Ukutani kushoto palikuwa na marundo ya vyuma chakavu, kwa hiyo kuzunguka kulia kulionekana ni kwa sababu ya nafasi. Haikuwa nafasi. Opereta yule hakuligusa liva la kushoto hata kidogo, na mwenye mali alisimama kando yangu akisifia moshi ulivyo safi. Alijua.

Fundi wa kwanza niliyemleta alitazama, akasema klachi zote mbili zitolewe na mpya ziagizwe nje ya nchi. Nilimlipa nauli yake akaenda.

Aliyenisaidia ni mzee wa Ngomeni, ambaye ujana wake wote ameendesha makatapila kwenye mashamba ya mkonge. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba mwanangu, na kabla hajaangalia chochote akauliza: "Lilikuwa limelazwa wapi?" Nikamwambia uwanjani, karibu na bahari, halina hata turubai. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba katapila kama hili lina klachi mbili za kukatia kona, kila upande yake: ukivuta liva, klachi inaachia cheni ya upande huo isipate nguvu ya injini. Na zinafanya kazi kavu, hazikai ndani ya oili. Likilazwa masika mbili tatu kwenye hewa ya chumvi, unyevu unaingia, diski zinashikana kwa kutu, na hapo uvute liva mpaka mkono uteguke, klachi haiachii.

Akafungua plagi ya chini upande wa kushoto. Yalitoka maji mekundu. Maji, ndani ya klachi kavu! Yule bwana angefungua plagi moja tu angeyaona, kama hakuwa ameshayaona.

Mzee akasafisha kwa mafuta ya taa, akaziacha diski zilowe, akayamwaga, akarudia. Kisha akaifunga liva ya kushoto kwa kamba ikiwa imevutwa, akaegemeza bleidi kwenye kisiki cha mkwaju, akaweka gia na kuanza kuikanyaga breki kwa kushtukiza. Hakuwa na haraka. Alifanya hivyo, akapumzika, akaongeza mafuta ya taa, akarudia kesho yake na keshokutwa. Mwisho ukasikika mlio mkavu huko nyuma, na upande wa kushoto ukasimama huku kulia kukizunguka. Nilipiga vigelegele. Sijapiga vigelegele hivyo tangu harusi ya binti yangu.

Baada ya hapo ndipo alipomfundisha opereta wangu kitu kilichonitoa jasho. Ukishuka mteremko mkali na katapila hili bila kuligandamiza breki, ukivuta liva ya kushoto linaelekea kulia, kwa sababu upande ulioachiwa ndio unaokimbia zaidi. Wasiojua wanapotea hapo. Sasa fikirieni kijana yuko mteremkoni, klachi moja imeganda, nyingine inakata kinyume. Huyo muuzaji aliniuzia kifo cha mtoto wa mtu, akakipaka rangi ya njano.

Kazi yenyewe, sina la kulalamika. Migunga inang'oka na mizizi yake: unakata mizizi pembeni kwanza, halafu unasukuma shina bleidi ikiwa juu. Visiki vya mkonge vinatoka kama vile havikuwahi kushika. Ila nyuzi za mkonge zinajisokota kwenye rola, yale magurudumu ya chuma yanayokanyaga cheni, na kuchana sili zinazozuia oili isivuje, kwa hiyo kila jioni mtu analala chini na kisu kuzikata. Na kichujio cha hewa, kile chenye oili ya kunasia vumbi, kinasafishwa kila siku vumbi likiwapo.

Nilitaka kuandika kwamba msinunue kabisa vitu hivi. Bado nusu ya moyo inasema hivyo. Cheni, rola, na pini na bushi zinazoungia cheni, peke yake zinaweza kula karibu nusu ya gharama zote za matengenezo, na mchanga wetu wa pwani unazitafuna usiku na mchana. Pini na bushi zinaweza kugeuzwa upande wa pili zitumike tena, lakini kazi hiyo inataka presi kubwa. Wanaosema chuma cha zamani hakifi, wakumbuke Kongwa, kule Dodoma. Mwaka 1947 Waingereza walipeleka pale matrekta ya cheni yaliyokwisha kutumika, wasafishe pori walime karanga. Ardhi ngumu, spea hazifiki, mafundi hawatoshi, na mwaka 1951 mradi ukafutwa. Wale walikuwa na serikali nyuma yao. Mimi nina machungwa.

Lakini kila nikilisikia asubuhi, ile ndogo ikinguruma kwanza halafu kubwa likiitikia, nasema hapana, mashine haina kosa. Mashine hii imedumu kuliko wengi waliowahi kuimiliki. Kosa ni la mtu aliyeilaza mvuani, akaifunika kwa rangi, akakataa kuzungumza na mwanamke aliyemlipa. Kwake yeye sitoi hata nyota moja, na ndugu zangu wa Tanga wakiniuliza uwanja ni upi nitawaambia ana kwa ana.

Mashine naipa nne. Au tatu, maana leo rola moja ya kulia imeanza kuvuja. Sitaliuza. Mwenye rola za D4 zilizotumika, Korogwe au Hale, anijulishe. Nitakuja kuziona mwenyewe, na mzee wa Ngomeni nitakuja naye azizungushe kwa mkono kabla sijatoa senti.