Sanduku la besi kutoka kwa fundi wa majeneza, Mtwara

Naanza na bei maana ndiyo kila mtu ananiuliza: shilingi 185,000, nusu siku ya kupima, nusu siku ya kuchukua. Ni sanduku la gitaa la besi, plaiwudi ya milimita 9, kona zimefungwa kwa alumini na ribiti, ndani sponji la godoro lililokatwa kufuata umbo la gitaa na kuvikwa mahameli nyekundu. Limetengenezwa Chikongola, hapa Mtwara mjini, na fundi ambaye mkate wake wa kila siku ni milango, vitanda na majeneza. Ninalo tangu 2023.

Sasa kwa nini mzee kama mimi aagize sanduku kwa fundi wa majeneza. Napiga besi tangu 1986, bendi ya dansi, sita tuliobaki, mdogo wetu ana miaka 51. Kwa muda mrefu safari zetu zilikuwa Masasi, Newala, Nachingwea, Lindi, na gitaa lilikaa kwenye begi la turubai juu ya magoti yangu. Halafu 2018 tukaalikwa Ujerumani, wiki mbili, miji minne. Uwanja wa ndege wakasema begi haliingii na abiria, liende chini na mizigo. Likaenda. Tulipofika nikafungua zipu, nikakuta kichwa cha besi kimening'inia kwa nyuzi nne kama kuku aliyechinjwa vibaya.

Tuliliandikia barua shirika la ndege. Jibu likaja kwamba chombo kilichofungwa kwenye begi laini hasara yake ni ya mwenyewe. Kuna mwanamuziki Mkanada anaitwa Dave Carroll, gitaa lake aina ya Taylor lilivunjwa akisafiri kwa ndege Marekani mwaka 2008. Mkanada huyo akatunga wimbo wa kulisema shirika la ndege, 2009 ukasikika dunia nzima. Nikawaambia vijana (ndiyo, tunaitana vijana) tutunge na sisi. Wakasema tulipwe kwanza.

Nikapiga ziara nzima kwa besi ya kuazima yenye nyuzi tano. Vidole vilivyozoea nyuzi nne miaka 32, halafu juu kabisa umeongezewa uzi mnene wa tano! Usiku wa kwanza kila nilipotafuta E nilishika B. Mwimbaji wetu alikuwa akinigeukia na tabasamu la jukwaani, lakini macho yake yalikuwa yananitukana.

Na hiyo haikuwa aibu kubwa ya safari ile. Mpuliza saksafoni wetu ana klarineti ya mpingo. Afisa wa forodha aliichukua, akaigonga kwa ukucha, akauliza ni mti gani. Mwenzetu ni mtu wa Liwale, akavimba kifua: mpingo huo, unaota kwetu. Angenyamaza! Kumbe tangu tarehe 2 Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, na mpingo umo, ilikuwa imeingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe na mimea, ya miti ambayo biashara yake inavuka mipaka kwa kibali. Tulikaa kwenye benchi saa tatu mpaka mkubwa wake alipokuja kusema chombo cha mtu mwenyewe, kisichofika kilo kumi, kinapita. Mti umekatwa kusini kwetu, umechongwa klarineti Ulaya, umeuzwa, umerudi kusini, halafu siku ya kwenda kuwatembelea waliouchonga unaulizwa karatasi. Vyombo vya muziki vilivyokwisha kutengenezwa viliondolewa kwenye sharti hilo tarehe 26 Novemba 2019. Sisi tulishakaa kwenye benchi.

Nirudi kwa fundi. Nilimpelekea besi yenyewe, imeshagundishwa shingo. Hakupima kwanza. Alikuwa anakula ming'oko kwenye bakuli, akanawa, akaishika, akaniuliza, "Nzee, inavunjikaga wapi?" Nikamwonyesha. Akasema basi pale pasiguse kitu. Fundi huyu hajawahi kuona sanduku la gitaa la dukani, lakini alielewa alichoshindwa kuelewa aliyetengeneza begi langu: vifunguo vya nyuzi vinakipa kichwa uzito, na gitaa likidondoka chali kichwa kinagonga chini, shingo inakatika palepale inapokonda. Kwa hiyo akaweka kitako cha sponji chini ya shingo, na kichwa akakiachia tundu, kinaning'inia hewani, hakigusi kuta wala kifuniko. Hiyo peke yake ni shilingi 185,000.

Muda sasa. Aliniambia siku kumi. Zikawa wiki tano. Ukienda unaambiwa "kesho," na kesho ukifika kuna msiba, na msiba huwezi kushindana nao, yeye ndiye mtengeneza jeneza.

Na muonekano! Alilipiga vanishi ya kahawia inayong'aa, akalitia vishikio vya shaba pande zote mbili. Mkono umezoea. Siku ya kwanza nalipeleka stendi, konda akavua kofia. "Poleni sana, wazee. Msiba wa wapi?" Mama mmoja aliyekaa dirishani akahama kiti. Nimelipaka rangi ya bluu tangu hapo na kuandika BESI kwa herufi nyeupe.

Mtihani wenyewe ulikuja mapema Mei 2024. Tulialikwa Muscat kwenye arusi, tukatoka Mtwara kwa basi kwenda Dar kupanda ndege, tukakutana na kimbunga Hidaya. Barabara ikakatika Somanga. Maji yaliingia kwenye buti la basi. Nguo zangu, unga wa mtu, magodoro ya mtu, vyote vilikunywa. Sanduku lilikaa ndani ya maji usiku mzima. Nilipolifungua palikuwa na unyevu kidogo upande wa bawaba, sponji la chini limelowa kiasi cha kiganja, besi kavu. Nyuzi sikubadilisha.

Ndege ilituacha, hilo sanduku halina dawa yake. Tulifika Muscat arusi imekwisha. Mwenye shughuli, mzee mwenye asili ya Unguja, akatucheka, akasema, "Wazee wangu, pigeni kwa waliobaki." Walikuwa kama thelathini, wengi watu wazima, na walicheza mpaka adhana ya alfajiri.

Kasoro linazo. Bawaba ni za chuma cha kawaida na hewa ya chumvi ya huku ilishazila; nimebadilisha kwa mkono wangu. Halina magurudumu. Ni zito, kilo 13 tupu, 17 na nusu likiwa na besi, ingawa kwa ndege zinazokubali kilo 23 linapita. Tatizo la ndege ni urefu: mashirika mengi yanataka urefu, upana na kimo vikijumlishwa visizidi sentimita 158, na hili lina 188. Linapelekwa dirisha la mizigo mikubwa na unalipia. Ulizia kabla, usiende kubishana pale kaunta na foleni iko nyuma yako. Na ulegeze nyuzi kidogo kabla ya kufunga.

Fundi anapenda sana kuongeza nakshi. Aliniambia angenitilia vipande vya mpingo kwenye kifuniko, bure, anavyo mabaki. Nikamkatalia. Hakuelewa kwa nini, na mimi sikuwa na saa tatu za kumweleza.

Ukimtaka, ingia Chikongola uliza fundi wa majeneza mwenye sanduku la bluu kwenye picha ukutani. Ameniomba picha ameibandika hapo kwa tangazo. Usilipe zote kabla. Nimeshaagiza la tumba, mawili, na safari hii nimemwambia bawaba za shaba na magurudumu. Amesema Ijumaa.