Vipande tisa vya Micro-Mesh, vinne vingetosha

Chembe ya vumbi yenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita ikinasa kwenye rangi ya gari halisi, hakuna atakayeiona. Chembe hiyo hiyo ikinasa kwenye gari la plastiki la kipimo cha 1/24, ni sawa na gari halisi kutembea na kokoto ya zaidi ya milimita mbili iliyogandia kwenye boneti. Ndivyo ilivyo pia kwa yale mawimbi madogo yanayobaki baada ya kupuliza rangi, ambayo mafundi huyafananisha na ganda la chungwa: kwenye gari la barabarani huvumilika, lakini kwenye gari la sentimita 17 ndicho kitu cha kwanza kinachoonekana. Ndiyo maana waunda magari madogo huishia kwenye msasa na polishi, na ndiyo maana mwaka jana nilinunua seti ya Micro-Mesh, aina ya msasa laini sana wa kunyooshea na kung'arishia, ambayo nimeitumia kwa muda wa kutosha kuielezea hapa.

Seti yenyewe ina vipande tisa vyenye sifongo katikati, kila kimoja cha mraba wa takriban inchi mbili, vikiwa na namba kuanzia 1500 hadi 12000 na rangi tofauti kwa kila namba. Kabla yake nilikuwa na seti ya bei nafuu isiyo na jina, iliyouzwa mtandaoni, ambayo namba zake zilifutika siku ya kwanza vipande vilipolowa, nami nikabaki nabahatisha. Ubaya wake mkubwa zaidi ulikuwa kwamba kipande kilichopaswa kuwa laini kuliko vyote kilificha punje moja nene, iliyochora mstari mmoja mrefu kutoka taa ya mbele hadi mlangoni. Kwa upande huo Micro-Mesh haijanipa wasiwasi hata mara moja. Awali Micro-Mesh ilikusudiwa kuondoa mikwaruzo kwenye madirisha ya plastiki ya ndege, na muundo wake unaonyesha asili hiyo: punje za kukwangulia zimeshikwa juu ya tabaka laini linalonyumbuka, hivyo ukikandamiza zaidi ya inavyohitajika, punje huzama kidogo badala ya kuchimba.

Namba zake, hata hivyo, zinahitaji tahadhari, na hapa ndipo nilipoharibu gari langu la kwanza kwa mkono wangu mwenyewe. Mtu aliyezoea msasa wa maji wa mafundi rangi anajua kwamba 1500 ni laini, 2000 ni laini zaidi, na kwamba ukitoka hapo unaweza kwenda moja kwa moja kwenye kompaundi, yaani krimu ya kung'arishia. Micro-Mesh ina vipimo vyake yenyewe visivyolingana na vile vya msasa wa kawaida, na kipande chake cha 1500 kinakwangua kwa ukali zaidi, na kwa tofauti kubwa, kuliko karatasi ya 1500 unayouziwa kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani. Mimi nilianza nacho kwa kujiamini kabisa. Gari lilikuwa Datsun 240Z, mfano wa lile ambalo Edgar Herrmann na Hans Schüller walishindia mbio za magari za East African Safari za mwaka 1971, enzi ambazo mashindano hayo yalikuwa yakizunguka Kenya, Uganda na Tanzania. Madigadi ya mbele ya gari hilo yana mgongo mrefu unaopanda hadi kwenye boneti, na juu ya mgongo wowote rangi hukaa nyembamba kuliko mahali tambarare. Nilipita mara sita au saba hivi, nikafuta kwa kitambaa cheupe, na kitambaa kikatoka na wekundu. Maana yake ni moja tu: klia, lile tabaka la juu linaloonyesha, imekwisha na sasa unakula rangi. Kabla sijainua mkono, praima ya kijivu, rangi ya msingi iliyo chini kabisa, ilikuwa imechungulia kama mstari wa penseli juu ya mgongo mzima.

Tangu siku hiyo sigusi vipande vitatu vya mwanzo kwenye mwili uliokwisha kupulizwa klia. Naanzia 3200 ikiwa ganda la chungwa ni zito, au 3600 ikiwa ni jepesi, kisha naenda 4000, 6000 na kuishia 8000. Kipande cha 12000 kipo, kinapendeza mkononi, lakini kazi yake kompaundi inaifanya vizuri zaidi na kwa muda mfupi. Kwa maneno mengine, katika vipande tisa nilivyolipia, vinne ndivyo vinavyofanya kazi kwenye gari lolote moja, na hiyo ndiyo lawama yangu pekee kwa mpangilio wa seti hii kwa mtu wa magari. Yule anayeng'arisha vioo vya plastiki au kalamu alizochonga mwenyewe huenda akavihitaji vyote.

Namna ya kuvitumia inaamua matokeo kuliko bidhaa yenyewe. Naweka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli na tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, nakata kipande cha sifongo katikati ili kipatikane cha ukubwa wa kidole, na nabandika tepu ya karatasi juu ya migongo yote na kingo za milango kabla ya kuanza. Nasugua kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele kwenda nyuma, na ninapobadilisha namba nabadilisha pia mwelekeo, ili niweze kutambua kama mikwaruzo ya namba iliyotangulia imetoweka au imejificha chini ya mipya. Kila baada ya nusu dakika nafuta maji na kulishika gari chini ya taa ya tyubu. Mwanzoni taa huonekana kwenye paa kama kamba iliyokatikakatika, kila wimbi likiwa na kitone chake kinachong'aa; ukisugua, vile vitone huzungukwa na ukungu usiong'aa, na ukungu huo ukishafunika kila kitu bila kuacha kitone, eneo limenyooka na unaacha hapo hapo. Anayeendelea baada ya hapo kwa sababu mkono umenogewa ndiye anayekutana na praima.

Kuhusu kukauka, nasema kama mkazi wa Dar es Salaam. Maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya nchi kavu hayatufai sana, hasa Machi na Aprili. Rangi za kopo za aina ya laka, kama TS za Tamiya ninazotumia, kimiminika chake kinapogeuka mvuke hupoza uso wa rangi, na unyevu wa hewani ukijikusanya juu yake klia hugeuka nyeupe kama maziwa. Napuliza mchana wenye jua, tabaka nyembamba nyembamba, kisha naliacha gari ndani ya boksi kwa wiki mbili nzima. Kipimo changu ni pua: nikifungua boksi na bado nikasikia harufu ya rangi, nalifunga tena. Klia isiyokauka ikisuguliwa hung'aa siku hiyo, na baada ya mwezi hujikunja tena.

Ung'avu wa mwisho natumia kompaundi za Tamiya zilizo kwenye tyubu, ambazo zipo tatu: kali yenye kifuniko chekundu, ya kati yenye cha bluu, na ya kumalizia yenye cheupe. Baada ya 8000 sijawahi kuihitaji ile nyekundu. Ya bluu kidogo, kisha nyeupe, kwa kitambaa laini cha miwani, na taa ya tyubu juu ya paa huwa mstari mmoja usio na kituo. Kompaundi hujaa kwenye mifereji ya milango na hukauka ikawa nyeupe, jambo linaloudhi kwenye gari jekundu, kwa hiyo weka karibu mswaki wa zamani na sabuni.

Wapo wanaoniuliza kwa nini gari la Safari lising'arishwe nusunusu tu, kwa kuwa lenyewe liliishi kwenye matope. Mimi naliunda kama lilivyokuwa kabla halijaondoka mstarini. Hata hivyo boneti yake ni nyeusi isiyong'aa, na hiyo haiguswi na msasa wala polishi. Niliifunika kwa tepu mwanzo hadi mwisho, kwani tone moja la kompaundi huacha doa la kung'aa lisilofutika ila kwa kupuliza upya.

Kama ni mara yako ya kwanza, na bajeti ni ndogo, karatasi ya msasa wa maji wa 2000 kutoka duka la vipuri na tyubu ya bluu na ile nyeupe vitakufikisha karibu sana na nilipofika, ingawa karatasi haikunjiki vizuri kwenye mapaa yenye mviringo na kona zake huchora zikikunjika. Mimi nitanunua Micro-Mesh tena, lakini kwa vipande vya namba ninazohitaji, si kwa seti. Ile niliyo nayo imeshapita kwenye magari matano. Kipande cha 4000 kimeanza kumeguka pembeni, na kile cha 1500 kimehamia kwenye sanduku la vifaa vya plastiki isiyopakwa rangi, ninakokitumia kusugulia viungo vya bodi kabla praima haijapulizwa.