Uzoefu wangu na rsyslog: mstari mmoja ukagandisha seva nzima

Kazi ya rsyslog, programu ya seva za Linux inayotunza logi (kumbukumbu za matukio), ni ukarani tu. Programu nyingine zinasema, yenyewe inaandika na kupeleka nakala inakotakiwa. Sasa karani gani huyu anafunga ofisi nzima eti kwa sababu posta haipokei barua?

Juzijuzi hapa Dodoma, mwisho wa mwezi, saccos imejaa watu. Kijiko kinachochimba mtaro upande wa Nzuguni kikakata kebo yetu, na seva inayopokea logi iko tawi la huko. Kebo kukatika si habari, tumezoea. Lakini haukupita muda keshia akaniita: "Kaka, mfumo umeganda." Mara na mwenzake. Najaribu kuingia kwenye seva kwa mbali, kwa SSH, naweka nywila, kimya. Bahati kulikuwa na dirisha moja nililofungua tangu asubuhi. Naangalia: prosesa haina kazi, diski ina nafasi tele. Seva nzima, ila haijibu mtu!

Kuchimbua, nikakuta kwenye mipangilio ya foleni kuu ya rsyslog, ambako ujumbe husubiri zamu: queue.timeoutEnqueue="300000". Hizo ni milisekunde jamani, dakika 5. Foleni ikishajaa, kila ujumbe mpya unasubiri dakika 5 ndipo utupwe. Na foleni lazima ijae, maana palikuwa na action.resumeRetryCount="-1", yaani jaribu kutuma mpaka kiama. Seva yetu ni ya kizamani, haina systemd (msimamizi wa huduma kwenye Linux za kisasa), rsyslog ndiyo iliyokalia /dev/log, mlango wa kupitishia logi. Anayetaka kuandika logi naye anasubiri: sshd (inayopokea SSH), su (ya kubadili mtumiaji), mfumo wa keshia, wote. Usipogusa kitu, muda huo ni 2000 tu, sekunde 2.

Nikampigia fundi wa kampuni iliyotufungia mfumo. "Bro, namba ikiwa kubwa ndiyo usalama, logi hazipotei." Na wanachama waliosimama kaunta je? "Hilo sasa ni la mtandao wenu, kaka." Akakata.

Huyo ni binadamu, kiburi chake namwachia. Kilichonichoma zaidi ni programu yenyewe. Nilipitisha faili hilohilo kwenye rsyslogd -N1, kipimo cha mipangilio. Haikuguna hata kidogo, ikaniaga "Bye" ikaenda zake. Toleo letu ni la zamani, sawa, lakini mstari mmoja wa onyo ungegharimu nini?

Na msikimbilie kuweka 0. Hapo foleni ikijaa ujumbe unatupwa papo hapo, na utajua siku mkaguzi anapouliza logi za siku ya tukio.

Nisiwe mwonevu. Rainer Gerhards aliianzisha 2004, ni bure, na kwa miaka yote imenibeba. Kwenye seva zenye systemd, journald, karani wa systemd yenyewe, ndiyo inapokea logi kwanza, kwa hiyo msingeganda hivi. Nilitaka kuipa nyota nne. Lakini nikimkumbuka bibi aliyetoka Hombolo, kitabu cha akiba mkononi, akakaa kwenye benchi mpaka saa tisa bila kupewa hela yake mwenyewe, nashusha. Mbili.

Sijaitoa, lakini. Nimerudisha 2000, utumaji wa nje nimeupa foleni yake ya LinkedList (ya kwenye memori) yenye queue.filename (jina la faili), ikizidiwa imwage kwenye diski, na kikomo cha queue.maxDiskSpace isije ikala diski yote. Ankara ya matengenezo ya yule fundi imeshafika mezani. Sijaisaini.